Mbwa wa Kulinda Shamba na Nguruwe Mwitu: Awe na Ukubwa Gani?

Mkulima mmoja alifika ofisini kwetu asubuhi na mapema, ameshika kamba mkononi, na kamba ile haikuwa na mbwa. Aliketi kwenye benchi pale nje akangoja zamu yake kama wengine. Alipofika mbele ya meza yangu hakuuliza habari za mbegu wala za mbolea. Alisema, "Mwalimu, niambie ni wapi nitapata mbwa mkubwa kuliko yule aliyekufa."

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, lakini nilisomea ualimu kwanza, na wazee wa skimu yetu bado huniita mwalimu. Kazi ya mwalimu ni kuuliza kabla ya kujibu. Basi nilimwomba mzee anieleze mambo yote tangu mwanzo.

Shamba lake limepakana na bonde lenye vichaka, na ng'ambo ya bonde ni msitu. Kila msimu, viazi vinapoanza kukomaa, nguruwe mwitu hupanda kutoka bondeni usiku. Msimu uliotangulia walikuwa wamefukua robo eka kwa usiku mbili. Mzee aliona uchungu, akauza mbuzi watatu, akanunua mbwa mmoja wa kutisha, mwenye kilo zaidi ya 45 na kifua kama cha ndama. Majirani walikuja kumtazama. Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa pili, usiku wa manane, mbwa alimfuata nguruwe dume mpaka bondeni akamkamata sikio. Kijana wa mzee, mwenye umri wa miaka 17, aliposikia kelele alikimbilia huko na tochi na panga. Alimkuta mbwa amepasuliwa tumbo. Kabla hajageuka, nguruwe akamchana paja. Kijana alishonwa nyuzi 14 hospitalini. Nguruwe akaenda zake.

Sasa mzee alitaka mbwa mkubwa zaidi. Nilimwambia kwamba mbwa wake hakufa kwa kupungukiwa na kilo. Alikufa kwa sababu alipewa kazi ambayo si ya mbwa wa shambani. Kwa kuwa wakulima wengi wa skimu zilizo karibu na misitu wana shida hiyo hiyo, nimeonelea vema kuyaandika hapa yale niliyomwambia.

MJUE NGURUWE KABLA YA KUMCHAGUA MBWA

Nguruwe wanaoharibu mashamba yetu ni wa namna mbili, na wakulima wengi huwachanganya.

Wa kwanza ni nguruwe mwitu wa vichakani. Huyu hutembea usiku, na mchana hulala katika kichaka kizito. Hupenda viazi, mihogo, mahindi na njugu, na hufukua ardhi kwa pua kana kwamba mtu amepita na jembe. Nguruwe mkubwa huweza kupita kilo 100. Hutembea kwa makundi, na dume la kundi hulinda jike na watoto kwa ukali sana.

Wa pili ni ngiri, mwenye chunusi kubwa usoni na mkia unaosimama wima anapokimbia. Huyu hutembea mchana, na usiku hulala shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga. Hupiga magoti ya mbele anapokula majani, na kwa hiyo ukiona alama za magoti ardhini, ujue ni yeye. Anapoingia shimoni huingia kinyumenyume, ili uso na meno yake yaelekee mlangoni.

Wote wawili wana silaha moja, nayo ni meno ya chini. Meno hayo hunolewa na yale ya juu kila nguruwe anapofunga kinywa, hata yakawa makali kama kisu. Nguruwe hapigi kwa kushuka. Hupiga kwa kuinua kichwa kwa ghafula kwenda juu. Basi mbwa aliyesimama karibu naye hupata jeraha kifuani, tumboni au kwapani. Jambo hilo likumbukwe, maana ndilo linaloamua ukubwa wa mbwa.

SHERIA INASEMAJE

Wazee wanakumbuka siku za zamani, vijana walipotoka na mbwa kumi na mikuki kwenda kuwinda nguruwe. Siku hizo zimepita. Uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya nzima mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 imeendelea kukataza. Mtu anayeingia msituni na mbwa ili kuua nguruwe, hata kama nguruwe huyo alikula viazi vyake jana, anaweza kushtakiwa.

Lakini kumfuga mbwa anayelinda shamba lako, ndani ya mpaka wako, ni jambo lingine. Kazi ya mbwa huyo ni kumwamsha mkulima na kumfukuza nguruwe arudi alikotoka. Akifika mpakani, kazi yake imekwisha. Nguruwe wakizidi, wapelekee habari watu wa Shirika la Wanyamapori, KWS, katika kituo kilicho karibu nawe.

WAWINDAJI WA NCHI NYINGINE WANATUFUNDISHA NINI

Ziko nchi ambako kuwinda nguruwe kwa mbwa kunaruhusiwa, na watu wake wamefikiri sana juu ya ukubwa wa mbwa. Yafaa tujifunze kwao, ingawa kazi yetu si kuwinda.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani nguruwe wa porini ni wengi mno. Mababu wa baadhi yao waliletwa na Wahispania. Hernando de Soto alishuka Florida na nguruwe mwaka wa 1539. Huko wawindaji hugawa mbwa katika kazi mbili. Kwanza kuna mbwa wa kubweka. Huyu humtafuta nguruwe, humzunguka, humbwekea bila kumgusa, na kumzuia asiende mbali. Mbwa anayeitwa Catahoula ni wa kazi hii. Ana kilo 25 hadi 40 hivi, na jimbo la Louisiana lilimfanya kuwa mbwa wake rasmi mwaka wa 1979. Pili kuna mbwa wa kukamata, mzito na mwenye taya pana, ambaye humrukia nguruwe na kumshika sikio.

Katika Argentina, Antonio Nores Martínez alianza mwaka wa 1928 kuzalisha mbwa mweupe, mwenye nguvu nyingi, kwa ajili ya kukamata nguruwe wa porini. Mbwa huyo anaitwa Dogo Argentino, na dume lake hufika kilo 40 na zaidi. Wajerumani nao wana mbwa mdogo sana, Jagdterrier, mwenye kilo 10 hivi, anayepenya vichakani na kuwatoa wanyama nje.

Sasa angalia jambo hili. Mbwa wa kukamata haachiwi peke yake. Hufungwa kamba mpaka nguruwe asimamishwe na mbwa wa kubweka. Huvikwa fulana nene ya kuzuia meno na ukosi mpana wa shingoni. Anapoachiwa, mwindaji humfuata mara moja, na nguruwe humalizwa upesi. Asipofika mtu upesi, mbwa wa kukamata huuawa.

Basi jiulize, mkulima mwenzangu: saa nane za usiku, wewe umelala, mvua inanyesha, ni nani atakayemfuata mbwa wako bondeni? Hakuna. Na akifuata mtu, huenda akawa ni mwanao. Ndiyo maana mbwa wa kukamata, hata awe mkubwa namna gani, hana kazi katika shamba la viazi. Sisi tunahitaji mbwa wa kubweka.

Watu husema mbwa abwekaye haumi, na husema hivyo kwa dharau. Katika kazi ya nguruwe, hiyo ni sifa.

MDOGO, MKUBWA, AU WA KADIRI?

Mbwa mdogo, chini ya kilo 15. Ana faida: hula kidogo, ni mwepesi, na masikio yake ni mazuri. Lakini sauti yake ni nyembamba, na nguruwe waliozoea watu hawaiogopi. Tena ana tabia ya kupenya. Ataingia kichakani mahali asipoweza kugeuka, au ataingia shimo la ngiri akutane na meno yaliyokwisha kumngojea mlangoni. Na penye msitu pana chui, ambaye hupenda sana kula mbwa.

Mbwa mkubwa, zaidi ya kilo 35. Huyu hutisha wezi na huwapendeza wageni. Lakini uzito una hasara zake. Hageuki upesi, na nguruwe huhitaji nafasi moja tu. Huchoka na kupata joto mapema, kwa maana mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na mwili mkubwa hupoa polepole. Mbaya zaidi, mbwa mkubwa hujiamini. Akiona ana nguvu, atakamata, na akikamata atakuwa amesimama pale pale meno yanapopanda.

Mbwa wa kadiri, kilo 20 hadi 30. Huyu ndiye ninayemshauri mkulima. Sauti yake ni nzito ya kutosha kusikika mpaka nyumbani. Miguu yake ni mirefu, kwa hiyo anaweza kuruka kando nguruwe anapomjia. Ana akili ya kujua kwamba nguruwe ni mzito kuliko yeye mara tatu au nne, na kwa hiyo hukaa mbali na kubweka.

Tena mbwa huyu hahitaji kununuliwa kwa bei ya mbuzi watatu. Mbwa wetu wa kienyeji, akilishwa vizuri tangu utoto, mara nyingi hufika kilo 20 au zaidi kidogo. Wakulima humdharau kwa sababu wamemzoea akiwa na njaa.

Kama unaweza, fuga wawili. Mbwa mmoja akibweka, nguruwe humgeukia yeye tu. Wawili wakibweka, mmoja huku na mmoja kule, nguruwe hajui amgeukie nani, naye huona heri aondoke. Lakini wasizidi wawili au watatu. Mbwa wakiwa wengi huwa kundi la kuwinda, na watakwenda msituni bila ruhusa yako.

HESABU YA CHAKULA

Wakulima wengi hununua mbwa bila kupiga hesabu ya chakula chake. Nimeipiga hapa kwa unga mkavu, ili kila mtu alinganishe na ghala lake. Ni makadirio tu, maana mbwa anayefanya kazi sana hula zaidi.

Mbwa wa kilo 10 huhitaji kama gramu 200 kwa siku, yaani kilo 73 kwa mwaka. Hilo halifiki gunia moja la kilo 90.

Mbwa wa kilo 25 huhitaji kama gramu 400 kwa siku, yaani kilo 146 kwa mwaka. Hilo ni gunia moja na kilo 56.

Mbwa wa kilo 45 huhitaji kama gramu 600 kwa siku, yaani kilo 219 kwa mwaka. Hayo ni magunia mawili na kilo 39.

Mtaona kwamba mbwa wawili wa kadiri watakula magunia matatu na kilo 22, nao wanapita mbwa mmoja mkubwa. Ni kweli, wala sitaki kuficha. Mwenye ghala dogo na aanze na mmoja. Lakini mbwa mkubwa akifa, umebaki na kamba tu. Mmoja wa wawili akifa au akiugua, shamba bado lina mlinzi.

Unga peke yake haumtoshi mbwa. Aongezewe mabaki ya nyama, omena, au maziwa yaliyoganda. Na asipewe kamwe mahindi yaliyoota kuvu. Sumu ya kuvu huua mbwa kama inavyoua watu.

JINSI YA KUMPIMA NA KUMCHAGUA

Huhitaji mizani ya daktari. Nenda kwenye mizani ya kupimia magunia. Simama juu yake peke yako, uandike uzito wako. Kisha simama tena umembeba mbwa. Toa hesabu ya kwanza katika ile ya pili, na jibu ni uzito wa mbwa. Kama wewe una kilo 62, na pamoja na mbwa mna kilo 73, mbwa ana kilo 11.

Kwa mtoto wa mbwa, kanuni ni hii: mbwa wa kadiri akiwa na miezi minne huwa amefika karibu nusu ya uzito wake wa utu uzima. Basi yule mwenye kilo 11 katika miezi minne atafika kilo 22 hivi. Hata hivyo, njia iliyo bora ni kumtazama mama yake, na baba yake kama anajulikana.

Ukiwatazama watoto, angalia mambo haya:

1. Miguu iwe mirefu na iliyonyooka, na kifua kiwe kirefu kwenda chini kuliko kuwa kipana.

2. Manyoya yawe mafupi, yasishike miiba wala kupe.

3. Piga sufuria kwa kijiko. Usimchukue anayejificha asitoke tena, wala yule anayekuja kuuma sufuria. Mchukue anayeruka nyuma, kisha akasimama na kubweka.

4. Kama hutaki watoto wa mbwa, mwite daktari wa mifugo amhasi dume au amfunge jike kizazi. Dume lililohasiwa mara nyingi halitangitangi sana.

KUMFUNDISHA

Tangu ana miezi mitatu, tembea naye kila jioni kuzunguka mpaka wa shamba. Akivuka mpaka, piga filimbi, na akirudi mpe kipande cha chakula. Fanya hivyo kila siku, hata siku umechoka. Mbwa anayerudi kwa filimbi ni mbwa atakayeishi.

Usimfunge mnyororo katikati ya shamba usiku kucha. Mbwa aliyefungwa hawezi kumkwepa nguruwe wala chui. Alale karibu na dungu, yaani kibanda cha kulindia, au karibu na nyumba, akiwa huru. Na yafaa ufyeke vichaka hatua kumi kutoka mpakani, ili mbwa amwone nguruwe kabla hajamfikia. Mbwa hashiki mahali pa ua, husaidia ua.

Akibweka usiku, toka na taa, piga debe, piga kelele. Lakini usivuke mpaka, wala usimruhusu mtoto avuke. Viazi vitapandwa tena.

AFYA YA MBWA NI AFYA YA WATU

Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Serikali ya Kenya ilitoa mwaka wa 2014 mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka wa 2030, na mpango huo hauwezi kufaulu kama mbwa wa mashambani hawachanjwi. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje aone kama mbwa atakufa. Dalili za kichaa zikianza kwa mtu, karibu kila mara huishia kifo.

Kwa wale wanaofuga nguruwe wa nyumbani, kuna onyo jingine. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu ya Kenya, katika maandishi ya R. Eustace Montgomery ya mwaka wa 1921. Ngiri na nguruwe mwitu hubeba ugonjwa huo bila kuonekana wagonjwa, lakini nguruwe wa kufugwa hufa kwa wingi, na hakuna dawa ya kuutibu. Haumdhuru mtu wala mbwa. Lakini mbwa akileta mfupa au kipande cha mzoga wa nguruwe mwitu nyumbani, anaweza kuleta msiba bandani. Hii ni sababu nyingine ya kumzoeza asivuke mpaka.

MWISHO WA HABARI YA MZEE

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaikunja kamba yake akaitia mfukoni. Sikujua kama ameridhika. Baada ya majuma mawili alikuja tena kuniomba nimsaidie kupima watoto wawili wa mbwa wa jirani yake, waliozaliwa na jike la kienyeji. Mmoja alikuwa na kilo 10, mwingine 12. Aliwalipia kwa debe moja la viazi.

Miaka miwili imepita tangu siku ile. Msimu uliopita nguruwe walikuja mara nne. Mara tatu walifukuzwa kabla ya kuonja. Mara ya nne, usiku wa mvua kubwa, walimaliza mistari miwili ya upande wa bonde. Mzee alivuna iliyobaki. Mbwa wote wawili wazima, na hakuna hata mmoja mwenye kovu.

Kijana wake bado huchechemea kidogo wakati wa baridi. Lakini ndiye anayewazungusha mbwa mpakani kila jioni, na filimbi iko shingoni mwake.